Anayejaza Risasi Aanze na Mawe ya Mizani

Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wengi wanaojaza risasi zao wenyewe. Huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyasafisha, huyatia kiwashio kipya na baruti, kisha hukaza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Kazi hiyo hufanyika nyumbani, na usalama wake umebebwa na mizani kuliko kifaa kingine chochote mezani. Ajabu ni kwamba wengi huichagua kwa bei na mwanga wa kioo chake.

Kipimo chao ni greni. Ratili moja ina greni 7,000, yaani greni moja haifiki miligramu 65, na mizani ya kazi hii husoma hadi sehemu ya kumi ya hapo. Risasi nyingi za bastola hazichukui hata greni kumi za baruti. Kiasi kikizidi, shinikizo laweza kuipasua silaha mkononi. Kikipungua mno, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikipigwa mtutu huo huvimba au kupasuka.

Mizani ya kidijitali huvutia kwa sababu hutoa namba mara moja. Lakini huyumbishwa na baridi, na upepo wa feni, hata na simu iliyowekwa karibu. Baya zaidi, baadhi hujirekebisha zenyewe: baruti ikidondoshwa chembe kwa chembe, mashine hudhani ni myumbo wake yenyewe na kuufuta. Namba imetulia, baruti inaongezeka. Dawa yake ni kuinua kitanga na kukirudisha kabla ya kuiamini namba.

Mizani ya wenzo, kama RCBS 10-10 iliyotengenezwa na kampuni ya Ohaus, haihitaji betri. Makali ya chuma hukaa juu ya akiki, na sumaku hutuliza mtikisiko. Ni ya polepole, nayo hutaka meza iliyo sawa na makali yasiyo na vumbi. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo bora.

Hata hivyo, aina ya mizani si hoja kubwa kama uhakiki. Mizani ya muuza duka wa Tanzania hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ya mjaza risasi haina mkaguzi ila yeye mwenyewe. Jiwe la uhakiki linalouzwa pamoja na mizani ya kidijitali mara nyingi ni la gramu 20 au 50. Gramu 20 ni zaidi ya greni 300! Mizani inaweza kuwa sahihi hapo na bado ikakosea kwenye greni tano. Yanahitajika mawe madogo, yenye uzito ulio karibu na ule wa baruti inayopimwa, yashikwe kwa kibanio kwa kuwa mafuta ya vidole huongeza uzito, na yapimwe kabla ya kazi na katikati yake. Namba ikihitilafiana na jiwe, kazi isimame.

Watengenezaji nao wangefanya haki kuyatia mawe hayo madogo ndani ya boksi la kila mizani, badala ya kumwachia mnunuzi ayatafute mwenyewe.