Tushukuru, Lakini Tusiape

Hapa Mlolongo ninapokaa, kungoja ni kazi kamili. Wengi husema mji wenyewe ulipata jina lake kwa malori yaliyokuwa yakijipanga kandokando ya barabara ya Mombasa yakisubiri zamu ya mizani. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa huku na karatasi za mizigo, na kwa miaka mingi nimewatazama madereva wakilala chini ya matrela, wakichemsha chai, wakitaniana, na baadhi yao wakimtafuta mtu wa ndani wa kuwasogeza mbele. Nikajidhania nayajua yote yahusuyo kungoja. Kumbe sikujua. Mwisho wa 2023 mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kukaa kwangu, na mambo niliyoyaona kwake ndiyo niliyokusudia kuwasimulia wasomaji leo, hasa wazee wa Pwani wenye vijana waliosomea udaktari.

Binti huyu alikwisha kumaliza masomo na mwaka wake wa kufanya kazi chini ya madaktari wakubwa, akataka kwenda Marekani kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Alifanya mitihani yao akafaulu, akapeleka maombi, na hospitali tano zikamwita katika mahojiano. Siku hizi mtu haendi huko kuhojiwa. Tangu ulipoingia ugonjwa wa korona 2020, mahojiano mengi hufanywa kwa kompyuta, na kwa tofauti ya saa, asubuhi yao ni alasiri yetu. Basi meza yangu ya kulia ikawa ndiyo ofisi. Alitundika shuka jeupe ukutani ili mapazia yangu yasionekane, akakaa hapo tangu saa kumi ya jioni hata saa tatu za usiku. Adhana ya Magharibi ilimkuta anazungumza na profesa. Akaomba ruhusa ya dakika chache, akapewa, akasali, akarudi. Nami nilikuwa jikoni nimezima redio, nanyata kama mwizi.

Kazi ilipokwisha nikadhani sasa ni kutulia. La! Ndipo fitina ya moyo ilipoanza. Je, awaandikie wale waliomhoji? Akiwaandikia aseme nini? Asipoandika wataona hana adabu? Akiandika sana wataona anajipendekeza? Vijana wenziwe walikuwa wakipelekeana ushauri usiku kucha kwa simu, kila mmoja na fatwa yake.

Nami, mjomba mtu, nikatoa yangu. Nikamwambia, "Waandikie wote watano, na kila mmoja umwambie kwamba yeye ndiye wa kwanza moyoni mwako. Nani atajua? Na tutafute Mkenya aliye katika hospitali mojawapo atusemee." Nilisema hayo kwa uhakika wa mtu aliyekaa na malori miaka ishirini. Akanitazama kwa heshima zake zote, akasema, "Mjomba, hiyo si barua ya shukrani. Hicho ni kiapo kwa watu watano." Nikanyamaza. Lakini sikukubali, nami naungama hapa kwamba nilimsumbua kwa jambo hilo majuma mawili mazima.

Ili msomaji anielewe, yanipasa nieleze jinsi mambo yao yanavyokwenda. Afananishe na posa. Hapa kwetu barua ya posa ikishapelekwa, wa upande wa mume hurudi nyumbani wakangoja. Hawendi kila siku kugonga mlango wa wakwe kuuliza. Na wakwe nao hawasemi "huenda tukawapa", kwa kuwa neno kama hilo likitoka, watu wataanza kununua mchele. Mshenga ndiye anayekwenda na kurudi, na neno la mwisho hutoka siku moja. Huko Marekani mshenga ni shirika liitwalo National Resident Matching Program. Kila daktari huandika orodha yake ya hospitali kwa kadiri azipendavyo, kila hospitali nayo huandika orodha yake ya madaktari, na zote mbili ni siri. Mshenga huzikusanya, kompyuta ikazioanisha, na jibu likatoka siku moja kwa nchi nzima, Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Machi. Likishatoka limewafunga wote wawili.

Na mshenga huyo ana masharti. Hospitali hairuhusiwi kumwuliza daktari ataiweka ya ngapi, wala kumwuliza ametuma maombi wapi kwingine. Haifai kumfanya aone kwamba ni lazima aandike barua baada ya mahojiano. Mtu akitaka kusema kwa hiari yake kwamba anaipenda hospitali fulani, na asema. Lakini neno hilo halimfungi yeye wala halimfungi anayeambiwa. Kinachofunga ni orodha tu.

Masharti haya hayakutoka hewani. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilikuwa zikigombania wanafunzi wa udaktari kama wachuuzi wanavyogombania abiria wa basi. Wengine waliajiriwa miaka miwili kabla hawajamaliza masomo. Palipowekwa tarehe ya pamoja, mashindano yakahamia kwenye muda wa kujibu. Mwaka 1945 kijana alikuwa na siku 10 za kufikiri. Kufika 1949 hata saa 12 zilionekana nyingi. Mtu hupokea telegramu, na kabla hajamwuliza mamake, anatakiwa aseme ndiyo au hapana. Ndipo mwaka 1952 ukaanzishwa utaratibu wa orodha. Baada ya miaka kumi, 1962, wataalamu wawili wa hesabu, David Gale na Lloyd Shapley, wakaandika makala fupi kuhusu kuingia vyuoni na, nakuomba usicheke, kudumu kwa ndoa. Hesabu yao ilikuwa ya wanaume kuposa na wanawake kukubali au kukataa! Baadaye Alvin Roth akaonyesha kwamba utaratibu wa madaktari ulikuwa ukifuata njia ya namna hiyo hiyo, na ndiye aliyeitengeneza upya hesabu inayotumika tangu 1998. Mwaka 2012 yeye na Shapley walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Nasi tunaodhani posa ni mambo ya kizamani!

Sasa sikiliza uzuri wa hesabu hiyo, maana hapo ndipo mpwa wangu aliponishinda. Daktari ndiye anayeposa. (Kwetu msichana haposi, lakini tuyaache hayo.) Kompyuta humpeleka kwanza kwa hospitali aliyoiandika juu kabisa. Ikiwa ina nafasi, au ikiwa inampenda kuliko mmoja wa wale iliokwisha kuwashika, humshika, na yule aliyetolewa huenda kuposa katika hospitali inayofuata katika orodha yake mwenyewe. Hakuna ndoa inayofungwa mpaka wote wamalize kuposa. Kwa hiyo mtu akiiweka juu hospitali asiyoitarajia na akaikosa, hajapoteza kitu. Akifika kwa ya pili, hupimwa sawasawa na kama angaliiandika ya kwanza. Wale wanaosema "weka juu ile iliyokuonyesha dalili" wanafikiri kama sisi tulivyokuwa tukifikiri tulipochagua shule za sekondari, tukihofu kwamba ukiikosa ya kwanza, ya pili imekwisha kujaa. Hapa hofu hiyo haina mahali. Andika kwa kadiri ya moyo wako, basi.

Mimi nina umri wa kukumbuka Februari 1988, wakati wa uteuzi wa wagombea wa KANU. Tulipangwa mistari mchana kweupe, kila mtu nyuma ya mgombea wake au picha yake, na aliyepata asilimia 70 akapita bila kura ya siri. Kura ya mlolongo, tuliiita. Niliwaona watu waliokuwa wakisema hili nyumbani wakasimama kule uwanjani, kwa sababu tajiri wao alikuwa akiwatazama. Usiku mmoja, nikiwaza habari za mpwa wangu, hayo yakanirudia, na ndipo nilipokubali kwamba nimekosea. Hospitali inayomnong'oneza kijana, "Je, sisi ni wa ngapi kwako?" inataka kumtoa katika kura ya siri na kumpanga katika mlolongo. Na kijana anayewaambia watano kwamba kila mmoja ni wa kwanza amejipanga mwenyewe katika mistari mitano.

Katikati ya Februari ikaja barua ya asali. Hospitali moja kati ya zile tano, nami siitaji, ilimwandikia kwamba ilipendezwa naye mno, kwamba ingefurahi kuwa naye, kwamba atakuwa juu katika orodha yao. Dada yangu alisomewa kwa simu kule Mombasa, akapiga vigelegele. Mimi nikasema, "Hii tayari, iweke ya kwanza." Binti akauliza, "Juu maana yake wa ngapi, Mjomba?" Sikuwa na jibu. Nafasi huenda ni 10 na walioambiwa wako juu ni 60; yote mawili yaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Na yeye ni daktari wa Kenya, anajua thamani ya ahadi. Mkataba wa madaktari na serikali ulitiwa saini 2017, mbele ya watu, baada ya mgomo wa siku 100. Miaka saba baadaye serikali ilikuwa ikitaka kuwalipa madaktari walio mafunzoni shilingi 70,000 kwa mwezi, na mkataba ule ulisema 206,400. Mtu aliyeona karatasi yenye saini ikigeuzwa hivyo, ataiwekeaje roho yake barua isiyo na saini wala ahadi ndani yake?

Aliiweka hospitali ile ya tatu. Alisali istikhara, akazipanga zote tano, akafunga kompyuta.

Namjua kijana mwingine, mwenziwe, aliyepata barua ya namna hiyo hiyo. Yeye aliiamini. Hakuiweka juu tu, maana hilo lisingemdhuru. Alizifuta nyingine, akaandika hospitali mbili peke yake, akisema za nini hizo na mimi nimekwisha kuambiwa? Hakupata hata moja. Kwa wageni waliosomea nje ya Marekani, miaka ya karibuni, wanaopata nafasi hawafiki 6 katika 10, na kwa mtu kama huyo kila jina katika orodha ni tone la maji. Nilimwona baada ya hapo. Alikuwa akiisoma ile barua tena na tena katika simu yake, akitafuta neno lililomdanganya, wala hakuliona, kwa kuwa halikuwamo. Walisema walipendezwa naye. Labda ni kweli walipendezwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowalaumu vijana tu. Naam, kijana asiape uongo. Lakini mwenye hospitali anajua kwamba aliye upande wa pili ana deni la mitihani, ana mama anayesubiri simu, ana viza ya kutafuta. Neno lake tamu halimgharimu kitu, na mwenziwe hulibeba kama amana. Mwenye nguvu ndiye anayepaswa kunyamaza kwanza. Najua zipo hospitali zinazowaambia waombaji tangu siku ya mahojiano kwamba hazitamwandikia mtu yeyote baada ya hapo. Wengine huona huo ni ukavu. Mimi naona ni heshima, tena kubwa.

Ama shukrani, hiyo nyingine. Wapo wanaoshauri kwamba kwa kuwa barua haimsogezi mtu mbele, asiiandike. Mshangao ulioje! Tangu lini asante ikawa ya kusogezwa? Mtu amekaa nawe saa nzima, amekuruhusu ukasali, unamwambia ahsante kwa sababu amekutendea, si kwa sababu atakutendea. Mpwa wangu aliwaandikia wote watano, mistari minne kwa kila mmoja, akataja jambo moja la kweli walilozungumza. Wawili walijibu. Watatu kimya. Hakuuliza tena.

Jumatatu ya 11 Machi 2024, saa kumi na moja za jioni, ikaja habari ya kwanza, ile isemayo tu kwamba umepata au hukupata bila kutaja wapi. Majirani wengine walikwisha kufunga siku hiyo, sisi wengine tulikuwa tukiutafuta mwezi. Alipata. Alhamisi madaktari wa Kenya wakaanza mgomo uliokuja kwisha Mei, na Ijumaa, saa moja za usiku, tende zikiwa bado mezani, likaja jina la hospitali. Ilikuwa ile aliyoiandika ya pili, mojawapo ya wale watatu ambao hawakuijibu asante yake.

Dada yangu alikuwa kwenye simu akilia na kucheka. Alipotulia aliuliza jambo moja: wale wa barua ya asali, je, wameambiwa chochote? Binti akasema kwamba kwa utaratibu haihitajiki, kompyuta imekwisha kuwajulisha. Dada akasema, "Waandikie, mwanangu. Sinia ya watu hairudi tupu." Akaandika pale pale, mistari mitatu, kisha tukaenda kusali tarawehe.