Aliyevushwa Ndani ya Mbeleko

Fomu ya kuomba kitambulisho cha Taifa huuliza wazazi wako walizaliwa wapi. Hapa Utete wengi hujaza bila kuinua kalamu: Mohoro, Ikwiriri, Nyamisati. Aliyevushwa mto Ruvuma ndani ya mbeleko hukwama hapo. Akiandika Msumbiji, afisa wa Uhamiaji atamwita pembeni. Akiandika Mohoro, amesema uongo. Tena lazima apate mhuri wa mtendaji na saini ya mwenyekiti, na sisi wa Rufiji na Kibiti tunajua yaliyowapata viongozi hao mwaka 2016 na 2017. Waliouawa walikwenda na kumbukumbu za nani alifika lini na kwa nani. Waliobaki hawamdhamini mtu ovyo, wala siwalaumu.

Toleo hili ni la watu hao. Tunasema wazi: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haina mlango wa aliyeletwa akiwa mtoto. Humpitisha kwenye tajinisi ileile ya mfanyabiashara aliyeshuka uwanja wa ndege na pasipoti mkononi. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua 7 katika 10 iliyotangulia hiyo. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Atangaze nia yake gazetini. Kiswahili anacho, na Kindengereko juu yake. Miaka anayo tele. Asichonacho ni kibali cha ukaazi, maana aliyemleta hakukiomba, na kule ofisini miaka isiyo na kibali haihesabiwi. Anayejitokeza kuomba huwa amejisalimisha.

Mdogo wake aliyezaliwa hapa ana hoja nzito zaidi. Kifungu cha 5 kinamtambua aliyezaliwa nchini tangu siku ya Muungano kuwa raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa adui wa vitani. Lakini mezani huambiwa alete mzazi mmoja aliye raia, sharti ambalo kifungu hakina. Waziri akimkataa mwombaji, kifungu cha 23 hakimruhusu kwenda mahakamani. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika shauri la Anudo Ochieng Anudo, Machi 2018, iliagiza sheria irekebishwe ili anayebishaniwa uraia wake asikilizwe na mahakama. Mwaka uliofuata serikali ikaondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kuishtaki huko.

Wala si kwamba kuwapa uraia watu wa aina hii haiwezekani. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972, pamoja na watoto wao, zaidi ya 162,000, walipewa uraia kwa mpango maalumu. Kenya iliwakubali Wamakonde wa Kwale baada ya wao kutembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016. Utaratibu wa Marekani wa mwaka 2012 kwa walioletwa wakiwa watoto hatuutamani: humpa kijana kibali cha kazi cha miaka miwili miwili, uraia haumpi, na kila utawala mpya humkosesha usingizi.

Tunaitaka Wizara ya Mambo ya Ndani ipeleke marekebisho bungeni. Aliyeingia kabla ya kutimiza miaka 18 na akakulia hapa aandikishwe kwa ushahidi wa shule, kadi ya kliniki na wazee wa kijiji, bila kudaiwa kibali. Akikataliwa, aende Mahakama Kuu. Nanyi walimu wastaafu wa Rufiji na Kibiti mlio na madaftari ya mahudhurio ya zamani, msiyachome. Huenda ndiyo ushahidi pekee uliobaki.