Kiwanda Hakifufuliwi kwa Rangi

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, maghala na viwanda vilivyofungwa vimerudishiwa uhai na watengenezaji wadogo wa bia. Kuta za matofali huachwa wazi, mitungi ya kuchachushia husimama palipokuwa na mashine, na wateja hulipia ladha pamoja na historia. Eldoret, mji wa Kenya ulioitwa Sisibo (yaani 'sixty-four') kwa shamba nambari 64, ukafikiwa na reli mwaka 1924 na kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024, una majengo ya kutosha kuiga mfano huo. Kabla ya kuuiga, tujiulize: malori yatakayoingia langoni yatabeba nini, na kutoka shamba la nani?

Historia ya hapa imeshajibu. Kampuni ya EATEC ilisimama juu ya misitu ya miwati, ambayo maganda yake yalitoa dawa ya kutengenezea ngozi. Leo sehemu kubwa ya mashamba yale imegawanywa na kuuzwa. Rivatex, kiwanda cha nguo cha miaka ya 1970, kililemewa soko lilipofunguliwa na mitumba kumiminika. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, mkopo wa India ukaleta mitambo mipya, na kikafunguliwa tena Juni 2019. Hata hivyo, pamba haistawi katika baridi ya Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret. Kiwanda hutegemea wakulima wa Bonde la Kerio, Busia na Siaya. Wakipunguza kupanda, mitambo mipya hubaki mapambo.

Kwa kipimo hicho cha malighafi, bia ina hoja nzuri kuliko inavyodhaniwa: shayiri hulimwa papa hapa Uasin Gishu, na busaa ya mahindi na wimbi ni ufundi wa siku nyingi. Wapo watakaosema pombe imekwisha kuharibu vijana wa kutosha. Hofu yao ina msingi, lakini kinachoua zaidi ni kinywaji cha uchochoroni kisichopimwa na yeyote, ilhali sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni na ukaguzi. Wengine watasema jengo la kale lihifadhiwe kwa thamani yake yenyewe. Ni kweli, ila paa lisilo na kipato huvuja, na atakayeliziba hajulikani.

Basi kaunti isimkabidhi mwekezaji ufunguo wa jengo la zamani kwa michoro yake mizuri. Kwanza imdai mkataba aliotia saini na wakulima.