Siri ya Hadithi Fupi na Madai Yasiyosimama

Yako madai kuhusu mshangao yanayowaharibia kazi vijana wetu wanaoandika hadithi fupi, huku Rungwe na kwingineko. La kwanza: kadiri unavyoficha ndivyo msomaji atakavyoshtuka. Si kweli. Itazameni "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho, iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016). Jina la hadithi limekwisha kutoboa siri kabla ya sentensi ya kwanza. Wasiojua ni wazazi wa Safia, wanaojivunia adabu ya binti yao huku huyo "shoga" akiingia nyumbani kwa mavazi ya kike. Sisi tunashuku, wao wametulia, na utulivu wao ndio unaotukaza moyo mpaka msiba unapofika.

La pili ndilo baya zaidi: eti mwandishi ana ruhusa ya kuficha lolote. Hana. Tuseme mama mmoja wa Isongole anauza viazi vya lumbesa kando ya barabara iendayo Tukuyu. Dalali mmoja anapandisha bei, mama anakataa katakata, na mwishoni tunaambiwa dalali yule ni mwanawe wa kumzaa. Kama muda wote msimulizi alikuwa akitueleza mawazo ya mama, tumeonewa. Mama gani atabishana na mwanawe asubuhi nzima, moyoni akimwita "dalali" tu? Sasa mpe usimulizi kuli anayeshona magunia. Yeye hajui, kwa hiyo kimya chake ni cha haki. Anaona mikono ya mama ikitetemeka. Anaona dalali hapazi sauti kama wenzake, wala hathubutu kumtazama mama usoni. Yote tumeonyeshwa, nasi tukayachukulia kuwa ubishi wa bei. Siri ikitoka, tunarudi nyuma wenyewe na kuukuta ushahidi mahali pake.

Hapo limejibiwa pia dai kwamba hadithi ya mshangao ikishajulikana mwisho imekwisha thamani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960, na wapo wanaoirudia hali wanajua mpelelezi wake, Bwana Msa, atagundua nini. Wanafuata namna dalili zilivyopangwa.

Wewe unayeandika, ukimaliza rasimu jiulize: anayesimulia aliijua siri? Kama aliijua, kwa nini hakuisema? Ukikosa jibu, badilisha msimulizi, au itoe siri ukurasa wa kwanza.