Hukumu ya Shabiki

Wako wasomi wasemao kuwa maoni ya shabiki juu ya sinema, televisheni, michezo ya kompyuta na nyimbo si kitu ila porojo za barazani. Husema shabiki hupenda bila kujua sababu, huchukia bila kutoa hoja, na kwamba neno lake halistahili kukaa karibu na uhakiki wa tenzi na riwaya. Dai hili lina sauti ya elimu lakini halina uzito wake, kwa kuwa wengi walisemao hawajapata kuketi na kumsikiliza huyo wamhukumuye.

Amfuataye kijana wa Machame jioni, akiisha kukata majani ya ng'ombe kihambani, atamkuta na wenzake wakibishana juu ya picha waliyoitazama. Kanuni yao ya kwanza yajulikana toka Moshi hata Mtwara: steringi hafi. Neno hilo halimo katika istilahi za darasani. Humo yumo "mhusika mkuu". Lakini majina hayo mawili hayana maana moja. Mhusika mkuu ni yule ambaye kisa chamzunguka. Steringi ni yule ambaye mtazamaji ametoa kiingilio ili amwone akishinda. Ndani ya neno hilo limo agano baina ya mtengenezaji na mtazamaji, na alivunjaye huzomewa.

Na itazamwe kanuni hiyo ikifanya kazi juu ya mlima wenyewe. Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha hadithi fupi, "The Snows of Kilimanjaro". Mwanzoni mwake yatajwa maiti ya chui aliyekauka kwa baridi karibu na kilele. Na chui wa namna hiyo alikuwako kweli, maana Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri, alimkuta huko juu mwaka 1926. Katika hadithi, mwandishi aitwaye Harry aoza mguu kambini, akafa. Mwaka 1952 Hollywood ikaigeuza hadithi kuwa sinema, Gregory Peck akiwa Harry, na Harry akapona. Profesa aweza kuandika kurasa ishirini juu ya badiliko hilo. Kijana wa Machame hulieleza kwa maneno mawili, wala hakosei. Tena hakomei hapo. Akisimuliwa hadithi yenyewe, huuliza: ikiwa mgonjwa amepona, chui yule alipanda kutafuta nini? Hilo ni swali la mhakiki, hata kama limeulizwa na mtu aliyeshika kikombe cha mbege.

Katika nyimbo pia ana kipimo, nacho ni macho yake. Mwaka 1982 kundi la Toto la Marekani lilitoa wimbo uitwao "Africa", ukapendwa duniani na ungali ukipigwa. Humo Mlima Kilimanjaro wasimuliwa kuwa wainuka juu ya Serengeti. David Paich, mmoja wa watungaji wake wawili, alikuwa hajakanyaga Afrika alipoutunga. Mtu wa Machame, auonaye mlima kila asubuhi mawingu yakiuacha, ajua kuwa Serengeti iko mbali upande wa machweo, zaidi ya kilomita 200, na nyanda za juu za Ngorongoro zimekaa katikati. Atasema, "Wimbo mtamu, lakini huyu hakufika." Kwa sentensi hiyo ametenga utamu na ukweli, akaupa kila mmoja haki yake. Wako wanafunzi wanaomaliza chuo kikuu bila kuweza kufanya hivyo.

Mfano wa mchezo wa kompyuta ni mzito zaidi. Mchezo wa Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005, wafunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin, "Baba Yetu", ambao maneno yake yametokana na Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, nao ndio wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Ni nani astahiliye kuuhukumu? Mjuzi wa muziki atasema habari za sauti na vyombo. Lakini Nkwarungo wako wanakwaya walioisema sala hiyo, kwa lugha hiyo, tangu utotoni. Ajua mwanakwaya, bila kufundishwa isimu, kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, na kwamba tuni iuhamishayo hulifanya neno lichechemee. Husikia pia mahali neno liliporudiwa kwa ajili ya mapigo tu. Kumwambia kuwa hayo ni mambo ya michezo ya watoto ni kumfukuza shahidi mahakamani kabla hajaapa.

Si kwamba shabiki hana lawama. Ugonjwa wake mkubwa ni neno moja. "Kali!" asema, na mjadala umekwisha. Ugonjwa wa pili ni hesabu: huleta idadi ya waliotazama wimbo katika YouTube, kana kwamba wingi wa wanywaji ndio uipao mbege ladha. Lakini magonjwa haya hutibika kwa swali moja, "Kwa nini?", na apaswaye kuliuliza yuko maktabani, akilalamika kwamba watu hawajui kuhakiki.

Hasara yake imekwisha kuonekana. Baada ya "Girlfriend" ya mwaka 2003, picha za Kiswahili ziliongezeka upesi, na nyingi ziliuzwa katika sehemu mbili, diski mbili kwa kisa kimoja. Mashabiki walinung'unika kwamba kisa kimevutwa: gari lafuatwa njia nzima, mtu apanda ngazi zote, mlango wafunguliwa polepole, na bado hakuna lililotokea. Hilo lilikuwa somo zima la muundo, likitolewa bure na watu waliokuwa wamekwisha kulipa. Wala hawakulitoa kwa chuki. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu walifurika kumzika Dar es Salaam. Na katika kundi hilo walikuwamo walionung'unikia picha zake. Manung'uniko yao machache sana yaliandikwa. Mengi yalikwisha pamoja na mazungumzo, na diski zenyewe sasa katika nyumba nyingi hazina hata pa kuchezewa.