Njombe inahitaji fundi wa agoni, na Liganga isisubiriwe

Salfa inapita hapa Makambako, mkoani Njombe, kwa malori. Inatoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Congo, inachomwa huko na kuwa asidi ya kuitolea shaba kwenye mawe yake. Shaba nayo inateremka kwa barabara hiyohiyo na kwa reli ya TAZARA. Sisi wa njia panda tunawauzia madereva chai na matairi. Mafundi wa kuchomelea tunatengeneza mageti, magrili na trela zilizopasuka. Kazi hiyo imenisomeshea watoto na siidharau. Ila karakana zinazoihudumia asidi hiyo zinaajiri fundi wa daraja jingine, na huku kwetu hatumwandai.

Nilimwona fundi huyo nilipokuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja upande wa Zambia. Aliletwa kutengeneza mirija ya kupashia asidi moto, mirija ya tantali. Ni madini ya kijivu, mazito kuliko risasi, na bei yake inatisha. Yanajifunika utando mwembamba ambao asidi ya hidrokloriki, ya nitriki na hata ya salfuriki ikiwa ya moto haziupenyi. Hata tangi lililopakwa kioo ndani, kioo kikibanduka mahali, huzibwa kwa skrubu ya tantali.

Ila kuichomelea! Tantali huyeyuka kwenye nyuzi 3,000 na ushee, mara mbili ya chuma. Ikipita nyuzi 300 hivi inaanza kunyonya oksijeni, naitrojeni na haidrojeni kutoka hewani, na ikishashiba inavunjika kama kigae. Kwa hiyo yule fundi alisafisha kingo kwa asetoni, akavaa glavu safi, akaiingiza kazi kwenye sanduku la kioo lililojaa gesi ya agoni. Agoni ilifunika mbele na nyuma ya mshono mpaka ukapoa. Mshono mzuri hung'aa rangi ya fedha. Msaidizi wake mmoja aliondoa gesi mapema, mshono ukatoka bluu. Yule fundi hakugomba. Aliomba msumeno, wakakata, wakaanza upya.

Wala tantali haichomelewi na chuma moja kwa moja. Chuma kinakuwa maji kabla tantali haijalegea, na vikichanganyika kiungo kinapasuka. Ndiyo maana tangi la tantali huwa la chuma kwa nje, ndani limetandikwa bati jembamba la tantali.

Sisemi kila kiwanda kinunue tantali. Kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa 1949, imekuwa ikichemsha magome ya miwati hapa Njombe kwa miaka mingi, na kila aliyemenya miwati kwa panga anajua maji yake yanavyotia chuma weusi. Hapo chuma cha pua kinatosha. Kwenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, tantali ingekuwa kosa kabisa, maana magadi makali ya moto yanaila. Fundi aliyefundishwa vizuri anajua pia pa kukataa.

Halafu kuna mradi wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa. Chuma chake kimebeba titani na vanadi ndani yake, na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China tangu 2011. Kuyatenganisha madini hayo ni kazi ya kemikali kali, yenye matangi, mabomba na mishono isiyoruhusiwa kuvuja. Mradi ukianza, vijana wetu wakikutwa wanajua geti tu, watapewa kazi ya kubeba mitungi ya gesi.

Linaloniuma zaidi ni koltani, madini ghafi yanayotoa tantali. Congo na Rwanda zinatoa zaidi ya nusu ya tantali ya dunia, na kule Rubaya, Kivu Kaskazini, watu wanaichimba kwa sururu na koleo. Inaondoka Afrika ikiwa mchanga, inarudi ikiwa mrija, na fundi wa kigeni anaufuata kwa ndege.

Ninachoomba kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni kidogo. Wachague chuo kimoja mkoani, waweke chumba safi kisichoingia vumbi la chuma, mashine ya agoni, na sanduku lenye mikono ya glavu. Wanafunzi waanze na mabomba ya chuma cha pua, wajifunze kujaza agoni ndani ya bomba kabla ya kuwasha moto. Kisha waende kwenye titani, yenye bei nafuu kuliko tantali lakini adabu ileile: uchafu kidogo, hewa kidogo, mshono umeharibika. Anayeiweza titani hatashangaa siku akikabidhiwa tantali. Waajiri wanalipa tozo ya SDL kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya ufundi, basi sehemu yake ije huku.

Sanduku lenyewe wasiliagize nje. Fremu, vioo na mipira ya kuzibia tutaviunga hapa Makambako. Cha kununua ni mashine, mitungi ya agoni na kipimo cha oksijeni.