Ngoma ya Vita na Ulimi Uhesabuo

Washairi wetu wana ada moja mbele ya vita. Vikizuka mahali, baadhi yao hukamata ngoma na kuwatukuza wapiganaji wa upande waupendao. Waliosalia hutunga beti za amani zisizomtaja muuaji wala aliyeuawa, zenye njiwa wengi na maiti wachache. Makundi haya hudhani kwamba yanapingana. La hasha! Ngoma humlewesha mzalendo, na beti za njiwa humwacha aendelee kulala.

Balagha iwezayo kuutikisa uzalendo uliopindukia ni ya namna ya tatu: ni ile inayouingia uzalendo huo nyumbani kwake na kuudai hesabu kwa lugha yake wenyewe.

Tuitazame Uingereza wakati wa Vita vya Makaburu vilivyoanza mwaka 1899. Serikali ilikuwa imeshinda uchaguzi wa mwaka 1900 kwa upepo wa vita hivyo. Huko Afrika Kusini jeshi liliteketeza nyumba za mashamba ya Makaburu na kuwakusanya wanawake na watoto makambini. Aliyethubutu kuhoji aliitwa msaliti. Mwezi wa Desemba 1901, David Lloyd George alivamiwa na umati katika ukumbi wa mji wa Birmingham, hata ikabidi atoroshwe akiwa amevaa sare ya polisi.

Katika tufani hiyo alisimama Emily Hobhouse, binti wa kasisi wa Cornwall. Mapema mwaka huo wa 1901 alizizuru kambi, na mwezi wa Juni akatoa ripoti yake. Hakuitukana nchi yake, wala hakuwahutubia wenziwe juu ya ubaya wa vita kwa jumla. Aliandika habari za mahema yaliyofurika watu, za upungufu wa maji na sabuni, na za watoto waliokuwa wakifa mbele ya mama zao. Henry Campbell-Bannerman, kiongozi wa chama cha Liberal, alikutana naye, na tarehe 14 Juni akatamka hadharani kwamba vita hivyo vinaendeshwa kwa mbinu za kishenzi.

Lizingatie neno hilo, ewe msomaji. Ushenzi ndio uliokuwa hoja ya dola hiyo ya kuwatawala wengine; nasi wa mwambao tunajua vyema uzito wake, maana kwa neno hilo hilo mtu wa bara alidharauliwa na kutumikishwa. Campbell-Bannerman alilichukua silaha hiyo katika ghala la mwenyewe, akamgeuzia. Hapo ndipo wazalendo walipochomwa: walihukumiwa kwa mizani waliyoitengeneza wao.

Husemwa kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Haya hayakuwa matupu. Serikali ilimkamata Hobhouse huko Cape Town mwezi wa Oktoba na kumrudisha kwao. Lakini ilikuwa imekwisha lazimika kutuma tume ya wanawake, ikiongozwa na Millicent Fawcett, nayo ikathibitisha mengi aliyoyasema. Kambi zikatolewa mikononi mwa jeshi zikakabidhiwa watawala wa kiraia, na vifo vikapungua. Vita havikukoma hadi Mei 1902, na Makaburu wapatao 28,000 walikuwa wamekufa kambini, wengi wao watoto. Hata hivyo, wako waliookoka.

Ila hesabu ile ilikuwa na pengo kubwa. Waafrika nao walifungiwa katika kambi zao za kando, wakafa si chini ya 14,000. Hobhouse hakuzikagua kambi hizo, na makelele ya London hayakuwahusu wafu wake. Mwaka 1913 ulipozinduliwa mnara wa Bloemfontein wa kuwakumbuka wanawake na watoto wa Kikaburu, yeye alikuwa mgonjwa, hotuba yake ikasomwa kwa niaba yake. Humo aliwataka Makaburu wawakumbuke pia maelfu ya watu weusi waliofia ugomvi usiokuwa wao. Nani alisikia? Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya ardhi iliyomnyima Mwafrika haki ya kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yake. Machozi ya kambini yakawa chakula cha uzalendo mpya, wa Kikaburu sasa, na mwaka 1948 ukaingia madarakani ukiwa umebeba ubaguzi wa rangi kama sera ya taifa.

Hilo ndilo linalopaswa kututia hofu sisi wenye kalamu. Huruma inayohesabu wafu wa upande mmoja huwa mbegu ya ngoma ya kesho. Kwa hiyo anayetaka kuandika juu ya vita vyovyote vya leo na aanze na maiti wa upande asioupenda: idadi yao, umri wao, mahali walipoangukia, na aliyewaua. Akishindwa hapo, heri arudi kwenye ngoma yake. Ngoma haijidai kuwa ni amani.